Maswali ya Wasomaji: Nani Huliwa Kwanza Katika Filamu za Wanyama Wauaji?

SWALI: Kila nikitazama filamu ya papa, mamba au chatu, naona mhusika mweusi analiwa mapema. Ni desturi kweli?

JIBU: Ndiyo, ni mazoea ya siku nyingi. Mnyama lazima aue mapema ili aogopwe, na mwandishi humtoa yule ambaye hadithi haitapungukiwa akiondoka. Waigizaji weusi wakipewa nafasi za dereva, mlinzi na rafiki wa shujaa tu, ndio watakaotolewa. Kosa hufanyika nafasi zinapogawanywa, kabla mnyama hajaonekana.

Deep Blue Sea ya 1999 inafundisha. Samuel L. Jackson analiwa na papa katikati ya hotuba, lakini ndiye aliyekuwa ameshika uongozi, na kifo chake kinawaacha wote bila kiongozi. Mpishi, aliyeigizwa na LL Cool J, anamlipua papa ndani ya jiko lake mwenyewe, na ni mmoja wa wawili wanaobaki hai. Kinachomwokoa ni kulijua jiko lile.

SWALI: Katika Anaconda ya 1997, Jennifer Lopez na Ice Cube waliokoka. Haitoshi?

JIBU: Ilikuwa hatua ya maana. Lopez anaigiza mwongozaji wa filamu ya hali halisi kuhusu wenyeji wa Amazon, Ice Cube mpiga picha wake, na wao ndio wanaopambana huku mtaalamu mzungu akiwa hoi kitandani sehemu kubwa ya filamu. Lakini wenyeji wa Amazon waliofuatwa huko wanaonekana mwishoni tu, bila hata mmoja wao kuwa mhusika kamili. The Ghost and the Darkness ya 1996, kuhusu simba wa Tsavo wa 1898, ina pengo kama hilo: John Kani anasimulia na kuokoka, ila bunduki na maamuzi vimewekwa mikononi mwa Patterson, mhandisi wa reli, na mwindaji Mmarekani wa kubuni.

SWALI: Ninaandika skripti ya mamba, wahusika sita, kurasa 90. Nianzie wapi?

JIBU: Chora jedwali la mistari sita na safu tano: jina, ujuzi, anachotaka, uamuzi wake unaogeuza hadithi, na ukurasa anaokufa au kuokoka. Mwenye safu tupu ndiye utakayemtoa kafara bila kujua. Kukisogeza kifo chake kutoka ukurasa wa 15 hadi wa 80 hakumponyi. Atakuwa mtupu kwa muda mrefu zaidi tu. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, basi hata anayekufa mapema mpe maonyesho mawili ambamo yeye ndiye anayeamua.

Jihadhari na mzee mwenyeji anayeonya kisha akaliwa. Mpe maarifa halisi: mamba huvizia pale watu wanaporudia kuteka maji. Kisha mpango wa kujiokoa uyategemee maarifa hayo. Mhusika kiziwi naye asiwe wa kuhurumiwa. Chini ya maji yeye anaweza kuzungumza kwa ishara, wenzake hawawezi.

Kuna pia kosa la upande wa pili: mhusika asiyekosea kamwe kwa sababu mwandishi anaogopa kulaumiwa. Mtazamaji hujua mara moja kwamba huyo hatafa, na hofu huisha. Mwache akosee kwa sababu inayoeleweka, na alipie.