Jibu: Miezi 5 ya GMAT huku niko kazini, nianzie wapi?

Salama ndugu. Nimekuelewa: una miezi 5 ya kujiandaa na GMAT (mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara), kazini unatoka saa 12 jioni, na vitabu vitatu umevianza bila kumaliza hata kimoja.

Angalia kwanza kama vitabu hivyo si vya mtihani wa zamani. Jometri na kusahihisha sarufi viliondolewa. Mimi nilipoteza mwezi mzima kwenye pembetatu! Kisha Jumamosi hii fanya jaribio moja kati ya mawili ya bure ya mba.com (tovuti rasmi ya GMAT), ukijipimia muda, simu umezima. La pili litunze hadi wiki za mwisho.

Sehemu za mtihani ziko tatu, dakika 45 kila moja. Hesabu ni maswali 21 bila kikokotoo, kwa hiyo asilimia na uwiano piga kwa mkono kila alfajiri, hata dakika 40. Jioni mimi nilikuwa nasinzia tu. Kilichonipandisha hasa ni daftari la makosa: swali gani, nilikosea kwa nini, nalirudia lini. Miezi 3 misingi, 2 iliyobaki maswali ya kujipimia muda.

Mtihani wa kufanyia nyumbani sijaujaribu, nilikwenda kituo cha mtihani.