Kabla ya darubini, yajue maji

Mara ya kwanza kwenda kuwatafuta ndege wahamiaji Bagamoyo niliwahi ufukweni asubuhi na mapema, maana nilishazoea kwamba ndege ni alfajiri. Msituni ni kweli. Pwani nilikuta jua linanipiga usoni, maji yanakupwa, na ndege wamebaki vidoti vyeusi huko mbali kwenye tope. Nikawafuata. Tope la mikoko likaondoka na ndala yangu moja.

Kwa hiyo wewe mgeni anza na mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye ni bamvua, yaani maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Tope likifunikwa, ndege wanakosa pa kusimama na wengi wanahamia mashamba ya chumvi ya Nunge. Watangulie saa moja hivi, kaa upande wa magharibi jua likiwa mgongoni, tulia waje wenyewe. Wasalimie wafanyakazi wa chumvi na uombe ruhusa. Kingo za mabwawa usizikanyage zikiwa zimelowa. Ni jasho la watu lile. Siku za maji mafu, yasipojaa sana, mimi hubaki nyumbani.

Ndege hawa huanza kuingia Agosti na Septemba, ila kwangu wakati mtamu ni mwisho wa Machi hadi Aprili, kaskazi ikiisha na masika yakinyemelea. Mtazame chamchanga mwenye mdomo uliopinda. Desemba ni wa kijivu, hana mvuto wowote. Aprili kifua kinageuka chekundu cha tofali, huku ncha nyeupe za manyoya zikiwa bado hazijalika, kama aliyemwagiwa unga. Ana gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na anakwenda kutaga Siberia! Hawabadiliki wote siku moja, na mimi niliwahi kuandika daftarini aina mbili kumbe ni ndege yuleyule. Shika umbo la mdomo, rangi iache ije baadaye.

Ndege aitwaye sululu hatakusumbua, mdomo wake ndio jina lake: umepinda kama sululu ya kuchimbia. Akimpata kaa humtikisa mpaka miguu inamtoka.

Usiwarushe ili upate picha. Wanajaza mafuta ya safari, na kila wakiruka wanayachoma bure.

Na ukikutana na sululu Julai, usidhani kaachwa na wenzake. Wengi wanaobaki ni vijana, bado hawajafikia umri wa kuzaa.