Jibu: CAA, NAEA au InSEA kwa mwalimu wa sanaa?

Mkuu, umeuliza ujiunge na chama kipi kati ya hivi vitatu, na umesema unafundisha uchoraji sekondari na ada unayoimudu ni ya chama kimoja tu. Basi CAA (College Art Association) iache kwanza. Ni chama kikongwe cha Marekani, cha tangu 1911, na jarida lake la The Art Bulletin lina heshima zake, lakini pale wanaotamba ni wahadhiri na wanahistoria wa sanaa. Mwalimu wa kidato cha pili utajiona mgeni. NAEA (National Art Education Association, ya 1947), nayo ya Marekani, ni ya walimu wa sanaa hasa, ila mijadala yake mingi ni mitaala ya majimbo ya kwao.

Mimi ningekwambia InSEA, chama cha kimataifa cha elimu kwa njia ya sanaa. Ilianzishwa 1954 kwa msukumo wa UNESCO, na rais wake wa kwanza, Edwin Ziegfeld, ndiye huyohuyo aliyewahi kuwa rais wa kwanza wa NAEA! Huko hata kazi za wanafunzi wako waliochora kwa mkaa nyuma ya karatasi za mtihani zina wasikilizaji.

Ukija kuandika utafiti kuhusu Tingatinga au vinyago vya Wamakonde, hapo tafuta ACASA, chama cha watafiti wa sanaa za Afrika. Kongamano lao la 2017 lilifanyika Legon, Ghana.