Usiwawekee wageni toleo la dairekta la Little Shop of Horrors, nakuomba

Mkuu simama hapo hapo, usibonyeze kitu. Umeandika kwamba Jumamosi unakusanya ndugu na majirani sebuleni uwaonyeshe Little Shop of Horrors ya 1986, ile muvi ya kuimba ya kijana Seymour wa duka la maua na mmea wake unaokula watu, wote hawajawahi kuiona, ukauliza uweke toleo lipi, nani kaimba sauti ya ule mmea, na sisi wapenzi wake tunakumbuka nini. Halafu memba mmoja hapo juu kakujibu mstari mmoja tu, "weka la dairekta, hilo ndiyo muvi yenyewe", na wewe ukamshukuru ukasema unalo tayari. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo karibu neno kwa neno, nikayaamini, na mpaka leo kuna watu kwenye ukoo wetu ukitaja muvi ya kuimba wanatafuta viatu waondoke.

Weka toleo la sinema, lile lililoonyeshwa kwenye kumbi 1986, siyo la dairekta lenye mwisho aliokuwa anautaka dairekta Frank Oz. Kabla watu hawajafika fungua muvi, angalia muda pale chini. La sinema lina dakika 94, yaani saa moja na dakika 34. La dairekta lina dakika 103, yaani saa moja na dakika 43. Namba zimegeuzana tu, kwa hiyo usiangalie haraka haraka ukiwa umeshika trei ya juisi. Ukiona 43 toa.

Ambaye hajaiona aishie hapa maana nasimulia mpaka mwisho.

Kwangu ilikuwa hivi. Projekta ya kukodi, shuka jeupe ukutani, mama yangu mdogo, binamu zangu na watoto wao walioshakua. Mama mdogo ni mtu wa taarabu na kwaya, muvi za kutisha hataki hata kuzisikia, nilimbembeleza kweli kweli. Muvi inaanza, wale wasichana watatu Crystal, Ronette na Chiffon wanaingia na kuimba (majina yao yametolewa kwenye yale makundi ya wadada wa miaka ya 60, The Crystals, The Ronettes na The Chiffons) na mama mdogo tayari anapiga vidole. Ikaja Skid Row, mtaa mzima wa mafukara wa New York wanaimba jinsi walivyokwama, akaniuliza huyu kaka wa miwani anaimba mwenyewe? Anaimba mwenyewe, Rick Moranis yule, ndiye Seymour. Ikaja Somewhere That's Green, yaani mahali penye kijani, Ellen Greene kama Audrey ana alama ya kipigo jichoni, kasauti kadogo kama ka mtoto, anaota kanyumba nje ya mji, uzio wa waya, na TV kubwa kabisa ya inchi 12, yaani ndoto yenyewe ndogo mpaka inauma. Mama mdogo akanyamaza, akasema huyu binti Mungu amsaidie. Steve Martin akaingia na pikipiki yake kama daktari wa meno anayefurahia kuumiza watu, na nyumbani anampiga Audrey, chumba kizima kikamchukia kwa kicheko, na Bill Murray alipokaa kwenye kile kiti kama mgonjwa anayependa kuumizwa, binamu yangu mmoja alitoka nje kuvuta pumzi. Saa nzima na zaidi sebule ilikuwa yangu. Nakwambia hivi ili uelewe nini kilivunjika.

Kwenye toleo la dairekta mmea unamkamata Audrey, Seymour anamchomoa lakini ameshaumia, na kabla hajakata roho anamwomba Seymour ampe mmea ammeze, ili angalau afike huko kwenye kijani alikokuwa anakuota. Na Seymour anambeba mwenyewe mpaka kwenye ule mdomo anamweka ndani. Halafu mmea unampata na Seymour naye, unammeza, unatema miwani. Halafu inaanza sehemu ndefu, mimea imeuzwa nchi nzima, imekuwa mikubwa kama maghorofa, inabomoa New York, inapanda juu ya Sanamu ya Uhuru, na wale wasichana watatu wanaimba usilishe mimea, usilishe mimea. Mwisho.

Unajua mama mdogo alikuwa anafanya nini wakati New York inabomoka? Alikuwa anasubiri. Kakaa mbele kabisa ya kiti anasubiri ule mmea upasuliwe tumbo Audrey atoke, kama kwenye hadithi za zimwi tulizosimuliwa na bibi, zimwi linakatwa na wote waliomezwa wanatoka wazima. Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda akaniuliza, "Na Audrey?" Nikasema amekufa, nikajaribu kucheka kidogo, hakuna aliyecheka. Akachukua mtandio wake. Tulikuwa tumepanga kila mwezi tukutane kwa muvi moja, haikuwepo ya pili. Na kibaya kuliko vyote, baadaye nilimwambia mama mdogo kuna mwisho mwingine ambao wanapona wanaoana wanahamia kwenye ile nyumba, nikuwekee? Akasema, "Hao walishakufa mwanangu, usinidanganye." Hapo ndipo nilipoelewa. Mwisho wa kwanza mtu anaouona ndio unaokaa, huwezi kuufuta kwa kuweka mwingine. Aliyeanza na ule wa furaha anaweza kuvumilia ule wa kifo na hata kuupenda. Aliyeanza na kifo huo wa furaha kwake ni uongo.

Sasa hasira yangu. Yule aliyenishauri mimi alikuwa na maneno mengi sana, kwamba toleo la sinema ni la watoto, limepunguzwa makali, studio iliogopa, mpenzi wa kweli haligusi. Lakini yeye mwenyewe aliipendaje muvi hii? Kwa lile lile toleo la sinema! Wote wameingilia mlango huo, maana toleo la dairekta lenye rangi lilitoka 2012, miaka 26 nzima watu waliipenda muvi wakijua mwisho mmoja tu. Kabla ya hapo kulikuwa na DVD ya 1998 iliyokuwa na mwisho wa zamani kama nyongeza, picha nyeusi na nyeupe, haijakamilika, na hiyo nayo iliondolewa madukani haraka kwa sababu prodyuza David Geffen hakuridhika nayo, wachache walioiwahi wakawa wanaringia. Kwa hiyo mtu amekaa na Seymour na Audrey miaka na miaka wakiwa hai, halafu ameona mwisho wa kifo akiwa ameshiba, umemshangaza, umemfurahisha, sasa anakuja kukushauri wewe uwape watu ambao wana njaa. Amesahau alivyoingia. Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote kwa sababu anayeutoa anaupenda kweli huo muvi na wewe unamwamini.

Na siyo sebule yangu tu. Hii kitu ilishatokea na watu waliotengeneza muvi wenyewe! Mwaka 1986 Frank Oz alikuwa na ule mwisho wa kifo na ndio alioutaka, yeye na Howard Ashman aliyeandika, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye jukwaa la tamthilia tangu 1982 na ilikuwa inajaza watu. Hayo mandhari ya mimea kubomoa mji yalijengwa kwa mkono, maghorofa madogo, barabara ndogo, moshi, fundi Richard Conway na watu wake, na ilikula kama dola milioni 5. Wakaipeleka San Jose kuwaonyesha watu wa majaribio. Oz amesimulia mara nyingi, watu walikuwa wanapiga makofi kila wimbo, kila wimbo, mpaka wale wawili walipokufa, ukumbi ukapoa papo hapo. Kadi za maoni zikarudi, ili muvi itoke vizuri ilitakiwa kama asilimia 55 waseme wataishauri kwa wengine, wakapata 13. Wakajaribu tena Los Angeles, yale yale. Wakarudi kupiga mwisho mpya, Seymour anauchoma mmea kwa umeme, na James Belushi akaletwa kwa kile kipande cha mfanyabiashara anayetaka kuuza miche ya ule mmea kwa sababu yule wa mwanzo, Paul Dooley, hakupatikana tena.

Oz mwenyewe ndiye aliyeeleza vizuri kwa nini, na nikisoma maelezo yake namkumbuka mama mdogo. Kwenye jukwaa Audrey na Seymour wanaliwa, sawa, lakini dakika mbili baadaye pazia linafunguliwa wanatoka wanainama wanapigiwa makofi, umewaona wako hai, unaenda nyumbani na roho yako. Kwenye muvi hawatoki. Na kwenye muvi kamera ilishakusogeza karibu na uso wa Ellen Greene mpaka umeona machozi, siyo yule mtu mdogo wa mbali jukwaani. Umempenda halafu amemezwa na hakuna wa kukurudishia. Kwa hiyo mtu akikwambia watu wa San Jose walikuwa wajinga, hapana, walikuwa ni mama yangu mdogo, wengi.

Najua mtakuja kunirukia kwamba sielewi sanaa. Jamani mimi mwisho wa zamani naupenda kuliko ule mwingine, nauona ndio wa haki. Seymour kamwacha daktari wa meno afe kwa gesi yake mwenyewe huku anamtazama, halafu kamkata vipande kamlisha mmea. Kamwacha Mushnik, mzee mwenye duka aliyemlea, aingie mdomoni. Kapata pesa, jina, mwanamke, vyote kwa damu. Hadithi ya mtu aliyekula agano na shetani haiishii kwenye nyumba yenye uzio mzuri. Ule wimbo wa mwisho wa kuonya usilishe mimea ndio muvi nzima inaelekea huko, ukiukata hadithi inabaki na deni. Na zile picha za mimea kupanda kwenye maghorofa, aisee, ni kazi ya mikono tupu bila kompyuta, kila mpenzi wa muvi anatakiwa azione kabla hajafa. Nayasema haya yote na bado nakwambia Jumamosi usiweke. Deni hilo wewe umelielewa kwa sababu umeshaiona muvi mara nyingi, wao watakuwa wanamtazama Audrey tu.

Sauti ya mmea ni Levi Stubbs wa kundi la Four Tops, yule yule wa Reach Out I'll Be There, ndiyo maana ule mmea ukisema nilishe unasikia ni mtu mzima mwenye kifua. Waambie wageni hii kabla, wazee wanaojua muziki wa Motown watakaa sawa. Na waambie waangalie midomo ya mmea. Ulikuwa ni mwanasesere mkubwa, ule wa mwisho unaendeshwa na watu kama 60 kwa nyaya na mitaimbo, na hakuna njia ya kuchezesha midomo mizito namna ile kwa kasi ya wimbo. Kwa hiyo walirekodi kwa fremu 12 au 16 kwa sekunde badala ya 24, ili ikichezwa kawaida mmea uonekane unaimba haraka, na Moranis akiwa kwenye picha hiyo hiyo ilibidi aigize polepole, atembee polepole, afumbue mdomo polepole, ili kwenye skrini aonekane mtu wa kawaida. Rudia zile sehemu alizo pamoja na mmea ukiwa peke yako umwangalie yeye badala ya mmea, utashangaa yule kaka alikuwa na nidhamu kiasi gani. Na Mean Green Mother from Outer Space, ule wimbo wa mmea kujisifu mwishoni, uliandikwa kwa ajili ya muvi, jukwaani haukuwepo, na ulipendekezwa Oscar. Ashman na Alan Menken aliyetunga muziki baada ya hapo ndio wakaenda kufanya katuni ya The Little Mermaid, ukisikiliza yule nguva Ariel anavyoimba kutaka kwenda kwa binadamu utamsikia Audrey wa Skid Row mle ndani. Ashman alifariki 1991 kwa Ukimwi, hakuwahi kuona ule mwisho alioupigania ukitoka na rangi zake. Hilo linaniuma kila nikilifikiria na ndiyo maana sipendi uwekwe ovyo mbele ya watu ambao hawajaandaliwa.

Sasa fanya hivi. Kama una ile Blu-ray ya 2012 ina matoleo yote mawili, menyu itakuuliza, chagua la sinema, na hata ukishachagua hakikisha dakika kama nilivyosema. Kama unaitoa mtandaoni usiamini jina lililoandikwa, angalia dakika tu. Zima simu ya yule kijana anayependa kusoma habari za muvi wakati watu wanaangalia. Na ikiisha usiseme kitu kuhusu mwisho mwingine, hata kama mdomo unawasha, usijifanye mwalimu usiku huo.

Kwenye picha ya mwisho kabisa, Seymour na Audrey wameshaingia nyumbani kwao, kamera inashuka kwenye maua ya bustani na kuna kamche kadogo ka ule mmea kanacheka. Wengi watakuwa wameshaanza kusimama na kutafuta funguo. Lakini atakuwepo mmoja atakayeuliza, we, kile kimmea pale kwenye maua kimecheka, ina maana gani? Huyo mwandike jina. Huyo mwite siku nyingine peke yake umwekee la dakika 103, na mimea ikianza kupanda Sanamu ya Uhuru ongeza sauti mpaka mwisho.