Kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi hakipimi klamidia
Dada, umesema kipimo chako cha shingo ya kizazi kimetoka safi, kwa hiyo klamidia, ule ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, pia huna. Hapana, hivyo ni vitu viwili. Kipimo cha Pap, kinachochukua seli za shingo ya kizazi, kinatazama seli zilizoanza kubadilika. Kile cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi, kinachotumika sana vituoni Tanzania na Kenya, kinaonyesha sehemu inayogeuka nyeupe, basi. Hakuna hata kimoja kinachotafuta bakteria wa klamidia.

Klamidia hupimwa kwa kutafuta vinasaba vya huyo bakteria kwenye mkojo au kwenye ute wa ukeni, unaochukuliwa kwa kijiti cha pamba. Hata mwenyewe unaweza kuuchukua. Ukirudi kliniki, omba wakupime siku hiyohiyo. Usidhani wamepima kwa sababu tu walikuchunguza huko.

Na tafadhali usisubiri dalili. Wanawake wengi hawahisi chochote huku mirija ya uzazi ikiharibika kimyakimya, na hilo linaniuma kwa sababu tiba ipo, ni antibiotiki: doksisaiklini siku 7, au azithromaisini kama una mimba. Mwenzi wako naye atibiwe, msikutane kimwili hadi siku 7 zipite tangu nyote wawili muanze tiba, kisha upime tena baada ya miezi 3.