Meno ya mbele ya mwanangu yameoza, ning'oe au yanatengenezeka?

SWALI: Habari dokta, binti yangu ana miaka mitatu, meno manne ya mbele ya juu yalianza na madoa meupe karibu na fizi, sasa yamekuwa kahawia na mawili yamemeguka, ya chini mazima kabisa. Mama mkwe anasema niyaache tu ni ya utoto, ila wenzake wanamwita kibogoyo na siku hizi akicheka anaziba mdomo. Kuna kinachofanyika au ndo basi?
Mama wa Morogoro

JIBU: Pole mama. Mkwe wako nampa nusu, yatang'oka kweli ila mpaka miaka sita saba huko, na jino likiingia usaha linaweza kuharibu hata la ukubwa linalojitengeneza kule ndani. Halafu ya juu kuoza na ya chini kupona, huyo si analala na chupa? Ulimi na mate vinayalinda ya chini, ya juu yanalowa maziwa ya sukari mpaka asubuhi. Chupa ya usiku iwe maji matupu kuanzia leo, bila hivyo hata nikiyatengeneza yataoza tena.

Jino likiwa limebaki la kutosha na halina usaha tunalivika. Tunakwangua uozo, tunachukua kikofia cha plastiki chenye umbo la jino, tunakijaza ile dawa nyeupe ya kuzibia, tunakivalisha, tunamulika taa ya bluu igande halafu plastiki tunaichuna, linabaki jino jeupe. Shida ni kwamba panatakiwa pakavu, mate au damu ikigusa linabanduka, na mtoto wa miaka mitatu kutulia kwenye kiti unajua mwenyewe, ndo maana wengine wanafanyiwa wakiwa wamelazwa usingizi hospitali kubwa. Kofia za zirkonia (aina ya kauri nyeupe) zipo pia, ngumu, ila bei imechangamka na jino linachongwa zaidi.

Asipotulia kabisa kuna dawa ya maji yenye fedha na floridi, inapakwa tu bila sindano, WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Inasimamisha uozo lakini palipooza panakuwa peusi tii, nakwambia mapema usije ukanigombeza. Lenye kijipu kwenye fizi mara nyingi hilo ni la kung'oa.

Mswaki msugue wewe, asubuhi na usiku, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere. Na akivimba uso au akipata homa usisubiri apointimenti, mpeleke siku hiyohiyo.