Ndoa ya Kisikh ni ile mizunguko minne

Mmetuuliza wiki hii: katika harusi, ni jambo gani ambalo likikosekana basi hakuna ndoa? Najua wasomaji wenzangu watataja mahari, pete, hutuba ya shehe au baraka za wazee. Mimi nimeichagua harusi ya Wasikh, Kalasinga kama tulivyozoea kuwaita hapa Kenya, kwa kuwa nimehudhuria kadhaa za majirani na sijaona kwingine ambako jibu la swali hili liko wazi namna hii.

Wengi wetu tunazijua harusi zao kwa nje: vilemba vya rangi moja, ngoma ya dhol, bwana harusi na upanga wake. Siku zinazotangulia, maharusi, kila mmoja kwao, hupakwa manjano yaliyochanganywa na unga na mafuta; mtu wa Pwani akiona atakumbuka singo. Usiku wanawake hutembea wakiimba, wamejitwika vyungu vilivyowashwa taa. Wajomba humvisha bibi harusi bangili nyekundu na nyeupe hadi karibu na kiwiko. Asubuhi ya harusi familia mbili hupokeana nje, baba kwa baba, mjomba kwa mjomba, wakivishana mashada ya maua na kukumbatiana, na wenye nguvu huwanyanyua wenzao juu watu wakishangilia. Nayapenda yote hayo. Lakini hizo ni mila za Punjab, eneo la asili yao huko Bara Hindi, na ndoa ya Kisikh hufungwa bila hata moja kati yake.

Kisichoweza kukosekana ni Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu ambacho wao humhesabu kuwa ndiye Guru wao, yaani mwalimu wao wa kiroho, aliye hai, pamoja na beti nne ziitwazo laavan, utungo wa Guru Ram Das, Guru wa nne, wa karne ya 16. Maharusi huketi sakafuni mbele ya Kitabu. Baba wa bibi harusi huchukua ncha ya kitambaa kirefu kilicho begani mwa bwana harusi na kumtia binti yake mkononi. Mara nyingi hapo ndipo wazazi hushindwa kujizuia machozi. Kisha ubeti wa kwanza husomwa, maharusi wakiwa wamekaa wanasikiliza. Wanasujudu, wanasimama, na waimbaji wanauimba ubeti uleule huku wawili hao wakikizunguka Kitabu polepole, Kitabu kikiwa upande wao wa kulia, mume mbele, mke nyuma ameshika kile kitambaa. Wanarudi, wanasujudu, wanakaa. Hivyo mara nne. Katika harusi nilizohudhuria, kaka za bibi harusi walisimama kukizunguka Kitabu, na kila bibi harusi alipofika kwa mmoja wao, kaka huyo alimshika bega na kumpitisha kwa mwenzake.

Hakuna anayewauliza kwa sauti, "Je, unakubali?" Kule kusujudu ndiko kukubali. Tena beti zenyewe hazisemi habari za mume na mke kupendana. Zinasimulia safari ya roho kumwelekea Mungu: kushika wajibu, kukutana na Guru na kuondokewa na hofu, kujitenga na tamaa katika kundi la watakatifu, hadi kufikia utulivu wa kuungana Naye. Katika mafundisho hayo bwana arusi ni Mungu, na wanadamu wote, wanaume kwa wanawake, ni bibi arusi. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko kiapo chochote, kwa sababu wawili hao wanapewa mahali pa kwenda pamoja.

Na ndoa hii wameipigania. Zamani Wasikh wengi walifungishwa ndoa na makuhani wa Kihindu mbele ya moto. Katika karne ya 19 Baba Dayal wa Rawalpindi alihimiza watu waurudie utaratibu wa Kitabu, na mwaka 1909 serikali ya India chini ya Waingereza ilipitisha sheria ya kuitambua ndoa hiyo, Anand Karaj. Kanuni za maadili za Wasikh zinakataza kutazamia nyota ili kupata siku njema, kuoza mtoto kwa ajili ya fedha, na pia pombe katika shughuli ya ndoa. Ndiyo maana naumia nikiona wageni wanaikosa ibada ya asubuhi na kujitokeza ukumbini usiku, muziki ukishapamba moto. Wamehudhuria sherehe, ndoa hawakuiona.

Kwa hiyo ukipata kadi, nenda asubuhi. Funika kichwa, vua viatu, keti sakafuni na usiinyooshe miguu kuelekea kwenye Kitabu. Mwishoni utagawiwa karah prashad, ya unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa, ingali moto. Ipokee kwa mikono miwili. Kisha usiondoke kabla ya langar, chakula cha bure ambacho tajiri na maskini hukaa safu moja kukila. Aliyewahi kupumzika kwenye gurdwara, yaani hekalu la Wasikh, ya Makindu, katika barabara ya Mombasa, anakijua.